Nani Alimwacha Nani?

Kwaresima moja, miaka michache iliyopita, kwaya ya kanisa moja huku kwetu Temeke iliniomba niwatungie utenzi mfupi wa kughaniwa katikati ya nyimbo zao. Mada waliyonipa ilikuwa nzito: jinsi mwanadamu alivyotengana na Mungu, tangu Adamu hadi mnara wa Babeli. Nilikubali upesi, kama sisi watunzi tunavyozoea kukubali kabla ya kujua tumekubali nini. Baada ya wiki mbili nilikuwa na beti arobaini hivi. Nikazichukua hadi Mbagala kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa miaka mingi amekuwa msikilizaji wangu wa kwanza na mkali kuliko wote.

Bibi yangu ni Mzaramo na Mwislamu. Shule aliyoisoma ni chuo cha Kurani tu, lakini mizani ikipungua katika kipande huisikia kama asikiavyo chumvi ikipungua mchuzini. Siku hiyo alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikasoma, naye akawa anaitikia kwa kichwa, mpaka nikaufikia ubeti huu:

Mola ndiye aumbaye,
na ndiye tumwogopaye,
tulipoachana naye
dunia ikawa giza.

Mkono wake ukasimama. "Mume wangu," akaniita, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, "nani alimwacha nani?"

Nikamjibu kwamba ni sisi tuliomwacha Mungu, ndivyo kisa kinavyosema. "Basi sema mlimwacha," akasema. "Mimi nimeachwa mara mbili. Sikuachana na mtu. Anayependa kusema 'tuliachana' ni yule aliyeacha." Akaendelea kukuna nazi yake.

Nilirudi nyumbani na ubeti uliokamilika mizani na vina, huku nikijua kwamba umeharibika. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyakusanya katika miezi iliyofuata nikilitafuta jibu la swali lake. Nimeyaweka kwa ajili ya malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, kwa sababu naamini swali hilo halikuwa la bibi yangu peke yake. Limekuwapo katika Kiswahili tangu sura za mwanzo za Biblia zilipoanza kuandikwa kwa lugha hii.

Nianze na sarufi, maana ndiyo iliyonitia matatani. Kauli ya kutendana, ile yenye kiambishi -an-, ina tabia ya kuficha aliyeanza. Tukisema Juma na Asha walipigana, hatujasema ni nani aliyeinua mkono kwanza. Tukisema waliachana, tumewagawia sawa kitendo ambacho pengine kilikuwa cha mmoja. Sasa tazama maneno tunayoyatumia tunapolieleza jambo hili la mwanadamu na Muumba wake. Mhubiri mmoja atasema tulifarakana na Mungu. Hilo ni neno la ndugu waliogombana. Mwingine atasema tulitengana naye, na hapo hakuna mwenye kosa wala mwenye haki, kama njia panda zinavyotengana. Wa tatu atasema tulitengwa. Kauli ya kutendwa humdai mtenda, na kila aliyelelewa katika makanisa yetu anajua maana ya mtu kutengwa: kuna kikao kilichokaa na kuna jina lililotangazwa. Wa nne atasema tulifukuzwa, na wapangaji wa Tandika na Manzese hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Hivi ni visa vinne tofauti. Kiswahili hakina neno moja lililo tupu, lisilo na harufu ya ndoa, udugu, kanisa au nyumba ya kupanga, la kusema umbali ule. Mtunzi akichagua kitenzi, amekwisha kutoa hukumu.

Aliyekutana na shida hii mwanzo, kwa kalamu na karatasi, alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha wamishonari wa Kianglikana. Krapf alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844, akapewa na Sayyid Said barua ya kumtambulisha kwa watu wa pwani, na kabla ya katikati ya mwaka alikuwa amehamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Hakukifanya peke yake. Aliongozwa na mmoja wa makadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin (wengine huliandika Modehin), na kila ninapokifikiria kikao kile natamani ningekuwa nimeketi pembeni.

Wazieni. Mkristo wa Ulaya anayejifunza Kiswahili, na kadhi Mwislamu anayekijua, wanakaa pamoja kukitafutia maneno kisa ambacho kila mmoja wao anakijua tangu utoto, na kila mmoja anakijua kwa namna yake. Kadhi hakuhitaji kuelezwa Adamu ni nani, wala Hawa, wala Shetani, wala mti uliokatazwa. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni mwake. Ndiyo maana hata leo Mkristo wa Kiswahili akifungua Mwanzo anakutana na Hawa, Habili, Nuhu na gharika, yote yakiwa na sura ya Kiarabu yaliyoingia nayo pwani karne nyingi kabla ya wamishonari. Lakini Kaini alibakia na jina la kigeni. Waislamu humwita Kabili. Ndugu wawili wa tumbo moja katika Biblia yetu, mmoja ana jina la msikitini na mwingine hana. Sijui kama kuna aliyelipanga hilo, lakini kwa kisa cha ndugu waliotengana linafaa.

Haukupita mwezi na nusu tangu kazi ianze. Mnamo Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa, na mtoto naye akafa siku zile zile. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliandika kwa waliomtuma kwamba sasa lipo kaburi la mmishonari katika pwani ya Afrika Mashariki, nalo ni dalili kwamba kazi imeanza. Watu wengi hulitaja neno hilo kwa kusifu imani yake. Mimi linanigusa kwa sababu nyingine. Sura alizokuwa nazo mezani majuma yale ni zile zinazoeleza jinsi kifo kilivyoingia duniani, na jinsi mwanamke alivyoambiwa kwamba kuzaa kutakuwa kwa uchungu. Alikuwa akiyatafutia Kiswahili maneno hayo huku yakitimia nyumbani mwake.

Sura tatu za mwanzo za tafsiri ile zilichapishwa Marekani katika miaka ile ile ya 1840, katika jarida la American Oriental Society, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa. Sura tatu, si nne. Yaani Kiswahili cha chapa kiliingia duniani kikiwa na kisa kinachokomea mlangoni mwa bustani, mlango umefungwa, mlinzi amesimama na upanga wa moto. Kaini hajazaliwa bado. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo, nakiri, nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona.

Katika kisa cha bustani hakuna neno dhambi.

Tafuteni. Kuna kukatazwa, kuna kula, kuna kufumbuliwa macho, kuna kuona aibu na kujificha, kuna adhabu. Neno lenyewe la dhambi katika Kiebrania halitokei mpaka sura ya 4, Mungu anapomwonya Kaini kabla hajamuua ndugu yake, na hapo linatokea kama mnyama aliyejilaza mlangoni akivizia. Mapokeo ya baadaye ndiyo yaliyolirudisha nyuma mpaka kwenye mti.

Neno lenyewe ni la kutazamwa na mpenzi yeyote wa lugha. Shina lake katika Kiebrania lina maana ya kukosa shabaha. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, wametajwa mashujaa 700 wa Benyamini, wote watumiao mkono wa kushoto, waliokuwa hodari wa kombeo kiasi cha kuulenga unywele bila kukosa. Na kitenzi cha kukosa hapo ni kile kile cha kutenda dhambi. Shina hilo lina ndugu yake katika Kiarabu, na ndugu huyo alivuka bahari akaja kwetu: ndilo neno letu hatia. Kwa hiyo neno la Kaini linaishi katika Kiswahili, ila halikai sana kanisani. Linakaa mahakamani, hakimu anaposema mshitakiwa ana hatia au hana. Dhambi, ambalo nalo ni la Kiarabu, lina shina jingine kabisa.

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye kazi yake ndiyo msingi wa Biblia ya Kiunguja iliyokamilika mwaka 1891, aliyakubali maneno ya Kiarabu yaliyokwisha kuzoeleka, na sioni kwa nini angefanya vingine. Alikuwa akiandika kwa lugha iliyosemwa mbele ya mlango wake. Wa Mombasa nao walikuwa na Biblia yao mwaka 1914. Kisha akaja Karl Roehl, Mjerumani aliyefanya kazi Usambara, na Biblia yake ya mwaka 1937. Roehl aliamini kwamba Kiswahili kimebebeshwa Kiarabu mno, akapania kukirudisha kwenye asili yake ya Kibantu. Wengi walimcheka, na kwa sehemu kubwa nadhani walikuwa na haki. Lugha si mchele wa kupembuliwa. Biblia iliyoshika mahali pake, ile ya pamoja ya mwaka 1952, haikumfuata. Lakini katika jambo moja, labda bila kukusudia, Roehl alilenga kuliko wote. Mahali pa dhambi alipendelea makosa. Na kosa, neno letu la Kibantu, maana yake ya kwanza ni ile ile ya wapiga kombeo wa Benyamini: kukosa shabaha. Tena lina jambo jingine. Mtu aliyekosa ametenda vibaya, na mtu aliyekosa amepungukiwa. Nimekosa adabu, nimekosa chakula. Mkosaji na mkosa ni mtu mmoja, na Adamu akitoka bustanini ni wote wawili.

Nilitaja mapokeo mawili mle kikaoni Mombasa, na ni lazima nirudi kwake, maana tofauti yao ndiyo jibu la kwanza la swali la bibi. Katika Mwanzo, anayejitenga kwanza ni mwanadamu. Adamu na Hawa wanasikia nyayo, wanajificha penye miti, na Mungu ndiye anayetafuta na kuuliza. Kisha mambo yanageuka: aliyetafuta ndiye anayefukuza. Katika sura chache zinazofuata umbali unazidi. Kaini anaondoka mbele ya uso wa Mungu kwenda kukaa katika nchi ambayo jina lake kwa Kiebrania linakaribia sana neno la kutangatanga, na huko, jambo la ajabu, mtangatangaji anajenga mji wa kwanza. Halafu gharika, ambamo Mungu anajuta kuwa aliumba. Halafu Babeli, ambako watu wanapanda kumfuata aliko, naye anashuka na kuwavuruga ndimi. Kila mara yupo anayeondoka na yupo anayefuata, na nafasi zao hubadilishana. Baada ya kuzisoma sura hizo kwa mfululizo sikuweza tena kusema kwa yakini kwamba ni sisi tuliomwacha.

Katika Kurani kisa kina mwendo mwingine. Adamu na mkewe wanateleza pamoja. Wala lawama haianzii kwa mwanamke. Kisha, katika sura ya Al-Baqara, Adamu anapokea maneno kutoka kwa Mola wake na toba yake inapokelewa. Ardhi nayo haikuwa jela iliyobuniwa baada ya kosa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alikuwa amekwisha kuwaambia malaika kwamba ataweka khalifa duniani. Kwa hiyo kutoka Peponi ni kushuka, na aliyeshuka ameshuka akiwa amesamehewa. Mafarakano ya kudumu, yanayorithiwa na watoto, hayamo. Krapf na kadhi wake walikubaliana juu ya kila nomino, na nadhani wangeulizwa kisa kimeishaje wasingekubaliana. Maneno yalikuwa ya ushirika. Kisa hakikuwa cha ushirika. Hali hiyo ipo mpaka leo katika kila mtaa wa Temeke na Kinondoni ambako ukuta mmoja unatenganisha nyumba ya wanaokwenda msikitini na nyumba ya wanaokwenda kanisani. Tunazikana na kuozana, na kila mtu humwita mwenzake mwanadamu au binadamu, mtoto wa Adamu. Tunalitaja jina lake mara mia kwa siku bila kuulizana ni Adamu yupi, yule aliyesamehewa au yule aliyefukuzwa.

Nilimrudia bibi na haya yote, kwa fahari kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao wote wageni. Sisi tulikuwa na joka letu."

Alikuwa na maana ya Kolelo. Yeye mwenyewe hakuwa na mengi ya kueleza. Alikumbuka tu kwamba wazee wa zamani mvua ikikatika walisema waende kwa Kolelo, na kwamba Kolelo alikuwa nyoka, huko milimani. Mengine nimeyapata kwa wengine. Martin Klamroth, mmishonari wa Berlin aliyefanya kazi Dar es Salaam, alichapisha kwa Kijerumani kati ya 1910 na 1913 maelezo marefu juu ya imani za Wazaramo wa wilaya hii. Humo yamo masimulizi ya Kolelo, joka kubwa la pangoni katika milima ya Uluguru, lililojitokeza kwa mwanamke wa ukoo wa Mlali, likajitambulisha kuwa limetumwa na Mungu kuja kuyatengeneza yaliyoharibika duniani.

Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini. Nyoka na mwanamke, na kati yao neno kutoka kwa Mungu, vyote vimo. Kilichogeuka ni kazi ya nyoka. Nyoka wa Mwanzo anaharibu kilichokuwa kizima. Nyoka wa Uluguru anatumwa kukitengeneza kilichoharibika. Sisemi kimoja kilitokana na kingine, wala siamini hivyo. Ninachosema ni kwamba mmishonari aliyesimama Maneromango, ambako wamishonari wa Berlin walifungua kituo mwaka 1895, akawasomea Wazaramo sura ya 3 ya Mwanzo, hakuwa akisema juu ya nyoka kwa watu wasiokuwa na nyoka. Baadhi ya waliomsikiliza walimjua nyoka aliye mjumbe. Huenda walijiuliza kwa nini mgeni anamtukana.

Mwaka 1905 neno la Kolelo lilishuka tena Uzaramo, na safari hii halikuwa la mvua. Ulikuwa mwaka wa Maji Maji. Kolelo, ilisemwa, amekataza watu kuwalipa wageni weupe kodi. Katikati ya Julai ingekuja gharika kubwa kuwaangamiza wazungu wote na wanaowafuata. Baadaye ikasemwa kwamba ardhi itafunguka na kuwameza, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Watu wake wasiogope, maana Kolelo atawaokoa. Gharika haikuja. Zilikuja risasi, na kote kusini, katika vita na katika njaa iliyofuata vita, watu walikufa kwa makumi elfu. Klamroth aliliandika hilo neno la gharika akiwa upande wa pili, mgeni mweupe ambaye maji yale yalitabiriwa kumfika. Ninapolilinganisha na Nuhu naona tofauti iliyo ndogo kwa maneno na kubwa kwa maana. Katika Mwanzo gharika ni Mungu aliyechoshwa na watu. Katika neno la Kolelo gharika ni Mungu anayerudi kwa watu wake. Walioamini hawakujiona wameachwa. Walijiona wamekumbukwa.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, anaeleza visa vingi vya bara hili ambamo Mungu na watu walikaa pamoja kisha wakatengana, mara kwa kosa la watu, mara kwa bahati mbaya tu. Anaongeza kwamba hakujua hata kisa kimoja kinachojaribu kuonyesha njia ya kurudi. Namheshimu sana Mbiti, na hapa naona anastahili kujibiwa na joka la Uluguru. Ni kweli, Kolelo si kisa cha mtu wa kwanza, na aliyetaka kuwa mkali atasema ni ibada ya mvua tu. Lakini kiumbe anayesema ametumwa na Mungu kutengeneza yaliyoharibika anatoa habari ya kurudi, na habari hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha watu kuifia.

Hapa nitoke kidogo njiani, maana mji wenyewe unanivuta. Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, mji ukaitwa Dar es Salaam. Wako wanaosema jina lilianzia kwenye bandari. Liwe lilivyoanza, Dar as-Salaam, Nyumba ya Amani, limo katika Kurani, nalo ni jina la makao ya waliokubaliwa na Mola wao. Ni jina la Pepo. Wakoloni wakaja wakaigawa Pepo hiyo kwa kanda, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja katikati ili watu wasikaribiane mno. Temeke na Magomeni zilipimwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili Waafrika wapate pa kukaa, mbali kidogo. Basi sisi wa pembezoni tunaamka alfajiri, tunagombania daladala kuingia katika Nyumba ya Amani, na jioni tunatoka. Mtu wa namna hiyo ukimwambia Adamu alitolewa bustanini akaambiwa atakula kwa jasho, hakuulizi maswali.

Narudi kwenye ubeti. Nilikuwa na neno nililohitaji tangu siku niliyosoma habari za wapiga kombeo, ila sikuwa nimeliona kwa sababu nililitazama katika kauli ya kutenda tu. Liweke kosa katika kauli ya kutendana upate kukosana. Wawili waliokosana wamegombana; hiyo ndiyo maana ya kawaida. Lakini wawili waliokosana wamepishana pia: huyu kaja, yule katoka, kila mmoja akimtafuta mwenzake mahali asipokuwapo. Na ndani yake kuna kukosa kwa maana ya kupungukiwa: huyu anamkosa yule. Mungu anatembea bustanini akiuliza, mtu yuko nyuma ya mti. Watu wanapanda mnara, Mungu anashuka. Tena mizani haikutikisika hata kidogo. Tulipoachana naye, tulipokosana naye: nane kwa nane.

Kwaya iliughani ubeti huo Ijumaa Kuu. Hakuna aliyesema neno juu ya kitenzi, wala sikutegemea. Jumapili ya Pasaka nilikwenda Mbagala nikamsomea bibi peke yake, mara mbili kama kawaida yetu.

"Hapo nafuu," akasema. "Waliokosana huketishwa wakasuluhishwa. Walioachana mpaka kadhi." Akanyamaza kidogo. "Lakini bado hujaniambia nani alianza."

Nikamwambia kwamba vitabu havikubaliani.

"Basi ukatunge tena," akasema.